Gego Lisiloota Mara ya Pili

Desemba iliyopita nilikuwa kwa dada yangu kisiwani Rusinga. Jioni moja mwanawe wa miaka tisa alinijia, akafungua kinywa na kunionyesha pengo. Lilikuwa nyuma, taya la chini, upande wa kulia. Ufizi ulikuwa umekwisha kujifunga, laini, kana kwamba hapakuwahi kuwa na jino pale. "Nera," akaniita, yaani mjomba, "litaota lini?" Dada yangu, aliyekuwa akipaa samaki mlangoni, akanijibia bila kuinua macho: "Litaota tu. Si lilikuwa la utoto?"

Sikuweza kusema kitu mbele ya mtoto. Lile halikuwa jino la utoto. Lilikuwa gego la kwanza la kudumu, ambalo huota mtoto akiwa na miaka sita hivi, nyuma kabisa ya meno yote ya maziwa, bila kusukuma jino lolote litoke. Kwa kuwa hakuna jino linalong'oka kulipisha, wazazi wengi hawajui kwamba limefika. Wanalihesabu pamoja na yale yatakayodondoka. Basi linaota pasipo mtu kuliona, linatoboka pasipo mtu kuliona, na siku linapoanza kuuma mtoto anapelekwa likang'olewe, kwa imani kwamba Mungu ataleta lingine. Halina lingine. Mpwa wangu atazeeka na pengo hilo.

Nilimwuliza dada usiku, watoto walipolala, kama pale alipompeleka mtoto kuna aliyemwambia kwamba jino laweza kuzibwa. Hakuna. Aliulizwa kama mtoto amekula, mtoto akadungwa sindano ya ganzi, jino likatoka, wakapewa pamba na dawa ya maumivu. Kituo chenyewe sitakitaja, wala simlaumu aliyemhudumia. Alikuwa na koleo na ganzi. Cha kuziba hakuwa nacho. Alifanya kazi ambayo vifaa vyake vilimruhusu kuifanya.

Hilo ndilo linaloniuma. Sisi wa kaunti za Homa Bay na Migori tumekubali kwamba tiba ya jino ni moja, nayo ni kulitoa. Mtu akishika shavu sokoni Rongo au Kendu Bay, swali analoulizwa na kila anayepita ni hili: "Mbona hujaenda kuling'oa?" Sijasikia hata mara moja mtu akiulizwa kwa nini hajaenda kuliziba.

Kung'oa meno si jambo geni kwetu, na labda ndiyo maana halitushtui. Dana, mama yake baba, hakuwa na meno sita ya mbele ya chini. Alinagwa akiwa msichana, kama wenzake wote wa rika lake. Nago ilikuwa njia ya Wajaluo ya kumvusha mtoto kuingia utu uzima, kama vile majirani zetu Wakuria na Wakisii walivyotahiri. Mtaalamu wa kazi hiyo, janak, alikuja na kipande chake cha chuma, na mtoto hakutakiwa kulia. Wazee walieleza pia kwamba pengo lile lilisaidia mgonjwa aliyefunga taya apate kunyweshwa uji na dawa. Waadventista walipofika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka wa 1906, na wamisionari wengine wakaja, na shule zikaenea, desturi ikaanza kufifia. Baba hakunagwa. Nasi watoto wake tulimwona Dana kama mtu wa mwisho wa zama fulani.

Ninachokumbuka vizuri zaidi ni meno yake mengine. Yale ambayo janak hakuyagusa alikufa nayo. Alikuwa akitafuna mahindi makavu ya kuchoma mbele yetu sisi vijana, na sauti ya magego yake tuliisikia tukiwa tumekaa ng'ambo ya jiko. Alikula kuon, yaani ugali, wa mtama, samaki na mboga, na uji wake ulikuwa mchachu. Sukari nyumbani kwake ilikaa kwenye kopo lenye mfuniko, ikingoja mgeni. Dana alipoteza meno sita kwa desturi, akahifadhi mengine yote. Kitukuu wake wa Rusinga ana miaka tisa, hakuna aliyemnaga, na ameanza kupoteza magego.

Tena Rusinga, kati ya mahali pote! Kisiwa hiki dunia nzima inakijua kwa sababu ya taya na meno. Mwaka wa 1948 Mary Leakey alifukua hapa fuvu la Proconsul, kiumbe wa jamii ya nyani aliyeishi takriban miaka milioni 18 iliyopita. Ng'ambo ya hapo, kwenye rasi ya Homa, mahali panapoitwa Nyayanga, watafiti walitangaza mwaka wa 2023 kwamba wamepata zana za mawe za kale sana, pengine za karibu miaka milioni tatu, na pamoja nazo magego mawili ya Paranthropus, binamu wa mbali wa mwanadamu. Mifupa mingi ya zama hizo imegeuka vumbi, lakini magego yamebaki. Tabaka la nje la jino, enameli, ndilo kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Jino linaweza kulala kwenye udongo wa Homa tangu kabla ya kuwapo mtu wa kuliita jino, na lisioze. Katika kinywa cha mtoto wa gredi ya tatu limetoboka kwa muda usiofika miaka mitatu.

Anayetaka kujua kwa nini aanze na ukucha wake. Asubuhi kabla ya kupiga mswaki, kwangua jino karibu na ufizi. Utatoka na utando mweupe unaonata. Huo ni ukoga, na ndani yake wanaishi bakteria kwa mamilioni. Mmoja wao anajulikana kwa jina la Streptococcus mutans tangu J. Kilian Clarke alipomweleza jijini London mwaka wa 1924. Bakteria hawa hawatoboi jino kwa meno yao, kwani hawana. Wanakula sukari tunayokula, na wakishashiba wanatoa asidi. Dakika chache tu baada ya kunywa chai yenye sukari, asidi kwenye ukoga imeshakuwa kali kiasi cha kuanza kuyeyusha madini ya enameli. Kisha mate yanakuja. Mate yanaizima asidi ile na kurudisha jinoni sehemu ya madini yaliyotoka, kazi inayochukua kama nusu saa, wakati mwingine saa nzima.

Kwa hiyo kila siku jino linapoteza kidogo na kurudishiwa kidogo. Likirudishiwa kadiri lilivyopoteza, litadumu kama la Dana. Mambo huharibika pale mate yasipopewa nafasi ya kumaliza kazi.

Sasa tazama siku ya mtoto wetu. Saa kumi na mbili asubuhi ni chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari, na mandazi. Saa nne ni uji wa shule, nao umetiwa sukari. Akitoka shule ananunua peremende mbili kwa dukawala aliye langoni, na moja anaiacha ikae shavuni hadi iyeyuke yenyewe. Kama ni wa Awendo au Ndhiwa, njiani kuna muwa, na muwa hauishi kwa dakika tano. Jioni chai tena. Jumamosi kuna matanga, na matanga kwetu siku hizi yana soda. Kinywa cha mtoto huyu kinashambuliwa na asidi tena na tena tangu macheo hadi alale, na kila mara mate yanaanza upya kutengeneza kilichobomolewa. Usiku mate hupungua sana, ndiyo maana kitu kitamu cha mwisho kabla ya kulala kinadhuru kuliko vyote, na chupa ya maji ya sukari au ya juisi anayoachiwa mtoto mchanga mdomoni huozesha meno yake ya mbele yakiwa hata hayajamaliza kuota.

Nimewasikia watu wakisema kiasi cha sukari ndicho kibaya. Kiasi kina ubaya wake: Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka wa 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunazopata kwenye chakula, na ikiwezekana nusu ya hapo, ambayo kwa mtu mzima ni kama vijiko sita vya chai kwa siku. Soda moja ya mililita 300 inaweza kuvimaliza vyote. Lakini kwa jino, mara ngapi ina uzito kuliko kiasi gani. Soda iliyonywewa pamoja na chakula cha mchana ikaisha inaleta shambulio moja. Soda ile ile ikibebwa kwenye bodaboda na kunywewa funda kwa funda kutoka Migori mjini hadi Muhuru Bay inaleta shambulio lisiloisha.

Wakulima wa miwa wasinielewe vibaya. Nimekulia nyumba iliyolipa karo kwa miwa. Kiwanda cha Awendo kilipoanza kusaga mwishoni mwa miaka ya 1970, Nyanza Kusini nzima ilibadilika, na wengi wetu tulioandika insha zetu za kwanza tuliandika kwa kalamu iliyonunuliwa na pesa hiyo. Ninachosema ni kwamba tulipokea sukari na pesa yake, tukasahau kupokea pamoja nayo mswaki, dawa ya meno na mtu wa kuziba. Vitu hivi vingepaswa kuja kwenye lori moja.

Mwaka wa 2015 Kenya ilifanya uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa. Asilimia 23.9 ya watoto waliopimwa walikuwa na meno yaliyooza, na asilimia 34.3 ya watu wazima. Chukua darasa la watoto 40 katika shule yoyote, uwaze kumi wao hivi wakiwa na jino bovu. Baadhi yao wanajifunza hesabu huku shavu likipwita.

Jino halitoboki kwa siku moja, na safari yake inafaa kujulikana kwa sababu kila kituo kina tiba yake. Mwanzo ni doa jeupe, kavu, kama chaki, mara nyingi kwenye mpaka wa ufizi au ndani ya mifereji ya gego. Hapo jino bado laweza kupona lenyewe, bila kuchongwa, likipata floraidi na likipunguziwa sukari. Doa likiachwa linageuka kahawia na uso wake unabomoka; sasa kuna tundu, na tundu halijizibi. Chini ya enameli pana tabaka laini zaidi, na uozo ukifika huko unaenea kwa kasi. Maji baridi yanaanza kuchoma, na peremende inachoma. Ukifika kwenye kiini, penye mshipa wa damu na wa fahamu, mtu halali usiku.

Halafu maumivu yanaisha.

Hapa ndipo tunapopotea. Mtu anamshukuru Mungu, au anashukuru mzizi wa mmea uitwao ochok alioutafuna, au tumbaku aliyoibana shimoni, au karafuu. Karafuu kweli hutia ganzi kwa muda, sina ugomvi nayo. Lakini jino limenyamaza kwa sababu kiini kimekufa, na usaha sasa unatafuta njia kupitia ncha ya mzizi. Wiki kadhaa baadaye shavu linavimba. Ukiona uvimbe chini ya taya, mgonjwa hawezi kumeza mate, ulimi umeinuliwa, sauti imebadilika, usingoje asubuhi. Mtafutie gari au mtumbwi usiku huo huo afike hospitali kubwa, maana uvimbe huo unaweza kuziba njia ya hewa. Mtu anaweza kufa kwa jino. Tumezoea kusema haiwezekani.

Wapo pia wanaoamini mdudu. Imani hii ni ya kale kuliko makabila yetu. Wababiloni waliiandika kwenye vigae vya udongo, na ilidumu Ulaya hadi Mfaransa Pierre Fauchard alipoikanusha kwenye kitabu chake cha mwaka wa 1728. Bado kuna watu wanaozunguka na moshi na mbegu, wakimwonyesha mgonjwa kijidudu cheupe wanachodai kimetoka jinoni. Mama anayelipa pesa hizo angeweza kununua dawa ya meno ya miezi mitatu.

Sasa nieleze nilichokiona karibu na Isebania, kwa kuwa ndicho kilichonifanya niamini kwamba hali yetu si lazima iwe hivi.

Ilikuwa shule ya msingi, darasa halina stima. Madawati mawili yaliunganishwa, yakatandikwa leso. Msichana wa miaka minane hivi alilala chali, kichwa chake kikielekea kwa afisa wa afya ya kinywa aliyekaa kwenye kiti cha mwalimu, na tochi amejifunga kwenye paji la uso. Hakukuwa na mashine, wala ile sauti ya kuchonga inayowatoa watu jasho. Aliweka vipande vya pamba pande zote mbili za gego kuzuia mate. Kisha akachukua kijiko cha chuma, chembamba kama njiti ya kiberiti, akaanza kukwangua. Uozo ulitoka vipande vipande, laini, wa rangi ya chai, kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Mtoto alikuwa akitazama dari. Sindano hakupigwa, kwa maana sehemu iliyooza haina tena uwezo wa kuhisi, na yeye hakukwangua zaidi ya hapo.

Shimo liliposafika, alitia unga kidogo na tone la majimaji kwenye karatasi, akavuruga kwa kasi hadi ukawa kama ugali laini unaong'aa. Akaujaza shimoni. Akapaka Vaseline kidole chake chenye glavu na kulikandamiza gego kwa kidole hicho, sekunde kadhaa, ile ziada ikajitokeza pembeni na yeye akaikwangua. "Uma," akamwambia. "Tena." Akamwagiza asile kitu kwa saa moja. Nilitazama saa yangu, na yote yale hayakufika nusu saa. Msichana aliketi, akapitisha ulimi juu ya jino, akaenda zake kucheza.

Unga ule ni saruji ya ionoma ya glasi, ambayo hushikamana na jino na kuendelea kutoa floraidi polepole. Njia yenyewe haikubuniwa mbali. Ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980, pale Mholanzi Jo Frencken, aliyekuwa akifundisha udaktari wa meno katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alipoona kwamba vifaa vya umeme vya kubebwa kwenda vijijini havifai. Akaamua kujaribu kwa vifaa vya mkono peke yake. Saruji aliyoanza nayo ilikuwa ya aina nyingine. Hii ya glasi ilikuja baadaye. Katika miaka ya 1990 njia hiyo ilijaribiwa Thailand na Zimbabwe, na Shirika la Afya Duniani likaipigia debe mwaka wa 1994. Tafiti za miaka mingi tangu hapo zimeonyesha kwamba kwenye tundu dogo la upande mmoja kizibo hiki hudumu vizuri, na leo kinatumika duniani kote. Kutoka Isebania unavuka mpaka tu uko Sirari, Tanzania. Njia hii ya jirani yetu imezunguka dunia nzima, na mpwa wangu kule Rusinga bado ameng'olewa.

Kuna dawa nyingine ambayo ningependa kila mzazi aifahamu kwa maelezo yake: kimiminika chenye madini ya fedha na floraidi. Tone moja linapakwa kwa kijiburashi kwenye shimo, bila kukwangua wala sindano. Uozo husimama katika meno mengi yaliyopakwa. Kasoro yake ni kwamba sehemu iliyooza hubaki nyeusi daima, na mzazi aambiwe hivyo mapema. Kwa gego la maziwa la mtoto wa miaka minne anayelia akiona koti jeupe, mimi ningechagua weusi huo bila kusita. Gego la maziwa linahitajika kinywani hadi miaka kumi au kumi na miwili. Ndilo linalotafuna, na ndilo linaloshikia nafasi jino la kudumu lililo chini yake. Mwaka wa 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza kimiminika hicho, saruji ya ionoma ya glasi na dawa ya meno yenye floraidi kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Vyote vitatu vimewekwa safu moja na dawa za malaria.

Afya ni kazi ya kaunti tangu mwaka wa 2013. Kwa hiyo ombi langu haliendi Nairobi. Linaenda kwa mabunge ya kaunti za Homa Bay na Migori, yanapokaa kupitisha bajeti: saruji hiyo, kimiminika hicho na vijiko vya kukwangulia viwe kwenye maagizo ya dawa ya kila kituo chenye mtu aliyefunzwa kuvitumia, na watu hao waongezwe. Chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC, huwafunza maafisa wa afya ya kinywa wa jamii. Hawa hawahitaji kiti cha mamilioni. Wanahitaji kuajiriwa, na wanahitaji nauli ya boti ya kwenda Mfangano, Remba na Ringiti, ambako kung'olewa kwenyewe ni safari ya siku nzima.

Najua jibu litakalotolewa. Tuna malaria, tuna Ukimwi, tuna akina mama wanaojifungua, jino litangoja. Nalijibu kwa historia ya hapa hapa. Utafiti wa kitaifa wa 2018 uliikuta Homa Bay ikiwa na maambukizi ya virusi vya Ukimwi ya asilimia 19.6, ya juu kuliko kaunti zote. Miaka mingi kabla ya hapo, mwaka wa 2001, wakati wengi duniani walidai kwamba dawa za kupunguza makali haziwezi kutolewa katika hospitali ya umma ya wilaya maskini ya Afrika, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianza kuzitoa bila malipo katika hospitali ya Homa Bay. Watu waliokuwa wakibebwa kwa machela walirudi shambani. Kaunti iliyolibeba jambo zito kiasi kile haiwezi kuambiwa kwamba kijiko na saruji viko juu ya uwezo wake. Tena wagonjwa hao hao wanaofuata dawa zao huweza kupata ukavu wa kinywa na vidonda, na kinywa kikavu huoza haraka. Wanakuja kliniki kwa tarehe zao. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaambia, "Fungua kinywa nitazame."

Mwaka wa 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini, wakapewa mikoba yenye kipimo cha shinikizo la damu na cha sukari mwilini. Wanaingia nyumbani mwetu. Kuinua mdomo wa mtoto kwa kidole na kutafuta doa la chaki ni kazi ya sekunde kumi, na mtu anaweza kufundishwa kuifanya kwa asubuhi moja.

Shuleni nako, uji wa saa nne unaweza kufuatwa na mswaki. Ufilipino wamefanya hivyo kwa miaka, watoto wakipanga foleni na kupiga mswaki pamoja kila siku ya masomo. Dawa ya meno inayohitajika ni kiasi cha punje ya njegere, na kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu punje ya mchele inatosha. Mzazi asome pakiti: iwe na floraidi, sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni. Mara mbili kwa siku, moja ikiwa ya kulala. Mtoto ateme povu lakini asisukutue kwa maji mengi, kwa sababu maji yanaondoa dawa tuliyoilipia. Mti wa mswaki nao ni mzuri, unaondoa ukoga kama utatumiwa kwa bidii, ila floraidi ya kutosha hauna.

Wengine wanaiogopa floraidi kwa kuwa wamewaona watu wa Nakuru na Naivasha wenye meno ya kahawia. Hofu hiyo ina msingi. Kule maji ya visima yana floraidi kupita kiasi, na mtoto anayeyanywa meno yake yakiwa bado yanaumbika chini ya ufizi hutoka na madoa. Milima yetu ya Homa nayo ni mabaki ya volkano, hivyo naona ni haki kudai kila kisima kinachochimbwa kuizunguka kipimwe kabla ya watu kuanza kunywa. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Punje ya njegere inayotemwa ni jambo tofauti kabisa na kisima kinachonywewa miaka minane.

Siku ya mwisho kabla sijaondoka Rusinga nilimwita mdogo wake yule mvulana, msichana aliyekuwa ametimiza miaka sita mwezi wa Oktoba. Nikamlaza kichwa pajani pangu, nikawasha tochi ya simu, nikavuta shavu. Meno ya mbele ya chini mawili yalikuwa yanalegea. Nyuma kabisa, pale ambapo mwezi mmoja uliopita pengine hapakuwa na kitu, ncha mbili nyeupe za gego zilikuwa zimetoboa ufizi, na juu yake kipande cha nyama bado kimefunika nusu. Kwenye mfereji kati ya ncha hizo palikuwa na chembe ya mandazi.

Nikamwita dada aje aone. Aliinama, akaangalia kwa muda mrefu, akauliza tena kama nina hakika. Nikamwonyesha jinsi mswaki unavyopaswa kuingia kwa upande, kukingama na safu ya meno, kwa sababu gego linaloota liko chini kuliko wenzake na mswaki unaopita moja kwa moja unaliruka. Nikasugua upande wa kulia. Aliuchukua mswaki mkononi mwangu akasugua upande wa kushoto mwenyewe, taratibu, huku msichana akicheka kwa kutekenywa. Kaka yake alisimama mlangoni akitutazama, shavu lake limetuna kidogo upande mmoja, pale ulimi ulipokuwa umeingia kwenye pengo.